Lugha ya Maelekezo na Matumizi ya Teknolojia katika Madarasa ya Shule za Umma: Nafasi ya Vitenzi

Ikisiri

Mjadala kuhusu teknolojia katika shule za umma za Afrika Mashariki umeelemea zaidi upande wa vifaa, umeme na gharama. Makala haya yanadai kwamba ipo nyenzo moja ambayo haijapewa uzito unaostahili, nayo ni lugha ambayo mwalimu huitumia kumwelekeza mwanafunzi hatua kwa hatua. Inaonyeshwa kuwa juhudi za kuunda istilahi za kompyuta zimezaa nomino nyingi zinazoshindana, ilhali kazi ya darasani huendeshwa kwa vitenzi, navyo vimeachwa vijipange vyenyewe. Vitenzi kadhaa vinachambuliwa kwa kuzingatia maana, unyambuaji na upatanisho wa kisarufi, kisha mapendekezo yanatolewa kwa wanaistilahi, watungaji wa miongozo na wakufunzi wa walimu.

1.0 Utangulizi

Kifaa kipya kinapofika shuleni, maswali ya kwanza huwa ni ya hesabu: vimefika vingapi, vimegharimu kiasi gani, vitatunzwa wapi, na umeme utatoka wapi. Maswali hayo ni ya haki, kwani pasipo umeme na kufuli hakuna kifaa kitakachodumu. Hata hivyo, yakishajibiwa yote, hubaki swali jingine ambalo halionekani katika hati za makabidhiano: mwalimu atasema nini? Atatumia maneno gani kumwambia mtoto wa darasa la tatu kwamba aguse hapa, avute kile, ahifadhi alichoandika, kisha azime?

Swali hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi. Tanzania Bara, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967. Nchini Kenya, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu, Kiswahili ni somo la lazima lililoanza kutahiniwa katika shule za msingi kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985. Katika mazingira yote mawili, mwalimu wa shule ya umma husimama mbele ya wanafunzi wanaomwelewa kwa Kiswahili akiwa na kifaa ambacho aghalabu humwelekeza kwa Kiingereza. Yeye ndiye mkalimani, na ukalimani huo hajafundishwa.

Dai la msingi la makala haya ni kwamba matumizi ya teknolojia darasani hayawezi kuimarishwa kwa kuongeza vifaa na majina ya vifaa peke yake. Yanahitaji lugha ya maelekezo iliyo wazi na yenye mfumo, na kiini cha lugha hiyo ni kitenzi.

2.0 Teknolojia na Lugha katika Elimu: Historia Fupi

2.1 Redio

Kompyuta siyo chombo cha kwanza cha kisasa kutumiwa katika elimu ya umma. Redio iliitangulia, na historia yake ina funzo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyojulikana kwa jina la Mtu ni Afya. Kampeni hiyo ilifuata nyingine ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, nayo ikafuatwa na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu takriban milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza. Vipindi vilitangazwa redioni, vijitabu viliandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa kuongoza mazungumzo baada ya kipindi kwisha.

Mafanikio ya kampeni hiyo hueleweka vizuri zaidi yakitazamwa kama mafanikio ya mpangilio wa mambo matatu: chombo, maandishi na mtu. Redio ilisema, kijitabu kikakumbusha, kiongozi akafafanua. Mambo hayo yote matatu yalitumia lugha moja, tena lugha iliyojengwa juu ya vitenzi ambavyo kila msikilizaji alikuwa navyo tayari: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Hakuna aliyehitaji kujifunza msamiati mpya ndipo aelewe anatakiwa kufanya nini.

2.2 Kompyuta

Kompyuta ilikuja kwa njia tofauti. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katika kipindi hichohicho Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeanza kutoa istilahi za taaluma mbalimbali katika mfululizo wa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Hivyo, wakati Kiswahili kilipokuwa kikijitengenezea maneno ya utawala, sayansi na ufundi, kompyuta ilikuwa mbali na macho ya watu wa kawaida. Ilipoanza kuenea katika miongo iliyofuata, ilikuja ikiwa na sauti yake yenyewe, na sauti hiyo ilikuwa ya Kiingereza.

Jitihada za kubadili hali hiyo zilifanyika. Mnamo Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Baadaye kampuni kubwa za programu na za simu zikatoa nazo sura za Kiswahili za bidhaa zao. Kwa hiyo, si kweli kwamba Kiswahili hakipo ndani ya vifaa. Kipo, lakini kilitafsiriwa na watu mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali, na kwa kiasi kikubwa bila kumfikiria mwalimu mbele ya darasa.

Mipango ya serikali nayo imeongeza vifaa shuleni. Nchini Kenya, ahadi ya kuwapa wanafunzi wa darasa la kwanza vipakatalishi ilitolewa mwaka 2013. Ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, mpango ulikuwa umegeuka kuwa wa vishikwambi vya wanafunzi pamoja na vipakatalishi vya walimu, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ya sensa kukamilika.

3.0 Wingi wa Nomino

Mtu anayesoma maandishi kuhusu istilahi za kompyuta katika Kiswahili hukutana na mjadala mrefu juu ya majina ya vitu. Orodha ifuatayo inatosha kuonyesha hali ilivyo:

(1) a. kompyuta, tarakilishi, ngamizi
b. kipanya, puku
c. kibodi, kicharazio, baobonye
d. intaneti, mtandao, mdahalishi
e. nywila, nenosiri
f. kompyuta mpakato, kipakatalishi

Kila mojawapo ya maneno haya ina watetezi wake na njia yake ya uundaji: utohozi katika kompyuta na kibodi, uhulutishaji katika tarakilishi, tafsiri ya sitiari katika kipanya, uambatanishaji katika nenosiri. Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) kiliwapa wanaistilahi mwongozo wa kazi hii, na mjadala uliofuata umekuwa na manufaa. Hata hivyo, matokeo yake darasani ni kwamba mwanafunzi wa Kenya anaweza kutahiniwa juu ya neno tarakilishi ambalo mwenzake wa Tanzania hulisikia kwa nadra, naye Mtanzania akawa na kompyuta pekee.

Kwa nini nomino zimepewa kipaumbele? Sababu moja imo katika nadharia yenyewe. Nadharia ya jumla ya istilahi, iliyoasisiwa na Mwaustria Eugen Wüster (1898–1977), huanza na dhana, kisha hutafuta jina la dhana hiyo. Na jina, kwa kawaida, ni nomino. Kamusi za istilahi hufuata mkondo huo. Sababu ya pili ni ya kijamii: jina jipya la kitu huonekana, hushangiliwa au hudhihakiwa, ilhali kitenzi kilichopanuliwa maana hupita kimyakimya.

Neno kishikwambi linatoa funzo hapa. Kabla ya sensa ya 2022 lilijulikana kwa wachache. Katika muda mfupi likawa neno la magazeti, la redio na la mazungumzo ya vijiweni. Halikushinda kwa sababu ya uwazi wa muundo wake, kwani wengi wanaolitumia hawawezi kueleza limeundwaje. Lilishinda kwa sababu kitu, neno na kazi vilifika pamoja: karani alikuja mlangoni na kishikwambi mkononi, akauliza maswali, akajaza majibu mbele ya kaya nzima. Istilahi ilikubalika kwa kutendeka. Hoja hiyo inaelekeza moja kwa moja kwenye vitenzi.

4.0 Darasa Lenye Kifaa Kimoja

Hutolewa hoja kwamba watoto hujifunza vifaa kwa kujaribu, wala hawahitaji maelezo mengi. Hoja hii ina ukweli kwa mtoto aliye peke yake na kifaa chake. Anagusa, anakosea, anagusa tena, na kidole chake kinajifunza hata kama ulimi wake hauna neno la kutaja alichofanya.

Darasa la shule ya umma halina hali hiyo. Aghalabu kifaa ni kimoja kwa kikundi kizima, au kimoja kwa darasa zima kikiwa mikononi mwa mwalimu. Mwanafunzi mmoja anagusa. Wengine wanatazama, na walio nyuma hawaoni hata kioo. Kwa hao walio nyuma, teknolojia ni maneno matupu: wanachoweza kupata ni kile kinachosemwa. Ikiwa mwalimu anasema "gusa hapa, halafu hapa, sasa hapo", aliye mbele amepata somo na aliye nyuma hakupata chochote. Ikiwa anasema "fungua kabrasha, teua picha, inakili, kisha ibandike chini ya jina lako", aliye nyuma naye amepata mfuatano wa vitendo anaoweza kuukumbuka, kuuandika daftarini na kuurudia siku zamu yake itakapofika.

Kutokana na hali hii, umuhimu wa lugha huongezeka kadiri vifaa vinavyopungua. Shule yenye kifaa kwa kila mtoto inaweza kumudu lugha hafifu ya maelekezo. Shule ya umma haiwezi. Hapa ndipo suala la istilahi linapogeuka kuwa suala la usawa: mtoto wa familia yenye uwezo hufidia nyumbani kile ambacho hakikusemwa vizuri darasani, na mtoto wa mkulima hana pa kukifidia.

5.0 Uchambuzi wa Vitenzi vya Maelekezo

5.1 Upanuzi wa maana

Vitenzi vingi vinavyotumika kuelekeza kazi za kompyuta ni vya Kiswahili cha siku zote vilivyopanuliwa maana:

(2) a. bofya: minya kwa vidole, kama afanyavyo mtu anayepima iwapo tunda limeiva
b. buruta: vuta kitu kikiwa kinagusa chini
c. washa: fanya kitu kiwake, kama taa au moto
d. bandika: ambatisha kitu juu ya kingine, weka chungu jikoni
e. futa: ondoa maandishi au uchafu, kama ubaoni
f. vinjari: zungukazunguka kwa kukagua

Upanuzi huu ni hazina kwa mwalimu, maana kila kitenzi huja na picha. Bofya humfundisha mtoto kiasi cha nguvu: anayepima embe haliminyi mpaka likapasuka. Buruta humfundisha kwamba kidole kisiinuliwe mpaka safari iishe. Lakini picha inaweza pia kupotosha. Futa, kwa mtoto aliyezoea ubao, humaanisha kwamba kilichofutwa kimekwenda moja kwa moja. Katika vifaa vingi kilichofutwa huhamishiwa kwanza mahali pengine na huweza kurudishwa. Mwalimu anayejua sitiari inapoishia atalisema hilo waziwazi, na asiyejua atamwacha mwanafunzi aogope kitufe.

Tatizo kubwa zaidi hutokea pale vitenzi vyenye maana zinazokaribiana vinapotumiwa bila mpaka. Chukua seti hii:

(3) a. Funga programu.
b. Toka kwenye akaunti.
c. Zima kompyuta.

Vitendo hivi ni vitatu tofauti, na athari zake ni tofauti. Anayefunga programu bado yumo ndani ya akaunti. Anayezima kompyuta kabla ya kuhifadhi anaweza kupoteza kazi yake. Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, kufunga kompyuta hutumika kwa maana ya kuizima, na mtoto anayeambiwa "funga kompyuta" anaweza kufunika kifuniko chake tu. Anayeambiwa "toka" bila kijalizo anaweza kudhani anafukuzwa darasani. Mpaka kati ya funga, toka na zima hauhitaji istilahi mpya hata moja. Unahitaji makubaliano na uthabiti wa matumizi.

5.2 Kiambishi cha kutendua

Kiswahili kina kiambishi -u- ambacho hugeuza kitendo kwa kukirudisha nyuma. Mofolojia hii inafaa mno katika lugha ya kompyuta, ambamo karibu kila tendo lina kinyume chake:

(4) a. funga / fungua
b. chomeka / chomoa
c. bandika / bandua
d. kunja / kunjua
e. tenda / tendua

Mwalimu anayewafundisha wanafunzi jozi hizi kama jozi amewapa ufunguo wa kubashiri. Mtoto anayejua chomeka atajua chomoa bila kuambiwa. Umbo tendua, linalotumika katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa maana ya kurudisha nyuma tendo lililokwisha kufanywa, limeundwa kwa mantiki hiyohiyo. Ni umbo jipya, lakini mzungumzaji wa Kiswahili analielewa kwa sababu analijua anua la anika na zibua la ziba.

Jozi yenye utata ni pakia na pakua, zinazotumika kwa upelekaji wa faili mtandaoni na uletaji wa faili kutoka mtandaoni. Linganisha:

(5) a. Wapagazi wanapakia mizigo melini.
b. Wapagazi wanapakua mizigo melini.
c. Mama anapakua wali.

Katika (5a) na (5b) mwelekeo wa tendo hutegemea chombo: kupakia ni kuweka chomboni, kupakua ni kutoa chomboni. Swali ni hili: katika kompyuta, chombo ni kipi? Ikiwa chombo ni mtandao, basi mtumiaji yuko gatini. Anapakua kutoka mtandaoni na anapakia kwenda mtandaoni. Hayo ndiyo matumizi yaliyoenea. Lakini mwanafunzi anaweza kwa haki kabisa kukiona kifaa chake kuwa ndicho chombo, maana ndicho kinachobeba vitu na ndicho anachokishika. Kwake, kupakia faili kutakuwa ni kuliingiza kifaani, yaani kinyume cha kinachokusudiwa.

Mfano (5c) unatoa njia ya kutoka. Kila mtoto anajua kwamba chakula hupakuliwa kutoka chunguni kwenda sahanini, na kwamba chungu ni cha wote na sahani ni ya mtu. Mtandao ukifundishwa kuwa ndio chungu na kifaa kuwa ndicho sahani, mwelekeo wa pakua hauwezi kusahaulika, na pakia hubaki kuwa kinyume chake. Istilahi haijabadilishwa, ila sitiari yake imepewa mhimili. Kazi ya namna hii haifanywi na orodha ya istilahi, ambayo huweka neno moja mkabala wa jingine na kuishia hapo. Hufanywa na mwongozo wa mwalimu.

5.3 Uelekezi na unyambuaji

Tafsiri ya neno kwa neno huleta kosa la tatu. Katika vifaa vingi kitufe cha kuwapelekea wengine picha au maandishi kimeandikwa shiriki. Kitenzi hiki katika Kiswahili humaanisha kuwa na sehemu katika jambo:

(6) a. Wanafunzi walishiriki katika mashindano.
b. ? Shiriki picha hii.
c. Washirikishe wenzako picha hii.
d. Watumie wenzako picha hii.

Sentensi (6b), ikisomwa kama Kiswahili, humwambia mtumiaji awe miongoni mwa wanaopata picha, wala haimwambii awape wengine. Maana iliyokusudiwa huhitaji kauli ya kutendesha, kama katika (6c), au kitenzi kingine chepesi, kama katika (6d). Huenda ikasemwa kuwa matumizi ya (6b) yameshaenea na kwamba lugha hubadilika. Ndivyo. Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili anayefundisha asubuhi kwamba shiriki hufuatwa na katika, kisha mchana akafungua kifaa kinachomkanusha, anastahili walau kuandaliwa kuieleza tofauti hiyo.

5.4 Umbo la amri na utata wa kategoria

Katika Kiswahili, kitenzi chenye asili ya Kibantu huishia kwa -a katika umbo la amri, na hivyo hutambulika mara moja: funga, washa, buruta. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu havina alama hiyo, na baadhi yake hufanana kabisa na nomino:

(7) a. hifadhi: kitenzi, pia nomino, kama katika Hifadhi ya Serengeti
b. jibu: kitenzi, pia nomino
c. hesabu: kitenzi, pia nomino
d. hariri: kitenzi, pia aina ya kitambaa

Katika sentensi kamili utata huu hautokei, kwa sababu viambishi huutatua. Kitufe, hata hivyo, kina neno moja tu. Mtoto anayeona Hifadhi peke yake hana namna ya kujua iwapo ni mahali pa kwenda au tendo la kufanya. Katika Kifaransa vitufe vya namna hii aghalabu huandikwa kwa umbo la kitenzi-jina. Kiswahili nacho kina kitenzi-jina, na maumbo kuhifadhi na kuhariri yangeondoa utata wote katika (7). Yapo madai kwamba ku- huongeza urefu wa neno. Lakini herufi mbili ni gharama ndogo kuliko kutoeleweka.

Kuna pia suala la nafsi. Kitufe humwambia mtu mmoja: bofya. Mwalimu huwaambia wengi: bofyeni, hifadhini, fungueni. Mwanafunzi anapaswa kutambua kwamba bofyeni aliyoisikia na bofya anayoiona ni kitu kimoja. Kwa mzungumzaji hodari hili halina uzito; kwa mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, kama ilivyo katika maeneo mengi ya Tanzania na Kenya, ni hatua inayohitaji kufundishwa.

5.5 Upatanisho

Maneno yaliyotoholewa huingia katika ngeli kwa njia zisizotabirika. Neno faili hupatanishwa kwa LI-YA na pia kwa I-ZI:

(8) a. Faili limehifadhiwa.
b. Faili imehifadhiwa.

Sentensi zote mbili zinaeleweka. Tatizo ni kwamba kifaa kikisema (8b), kitabu kikisema (8a), na mwalimu akichanganya, mwanafunzi hupata somo la kompyuta lililogeuka kuwa shaka ya sarufi. Kwa kuwa ujumbe wa namna hii hujirudia mara nyingi kila siku, kifaa kinakuwa mwalimu wa sarufi ambaye hakuna mkaguzi aliyemkagua.

6.0 Pingamizi la Kiingereza

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: mwanafunzi atakutana na Kiingereza katika shule ya sekondari na kazini, kwa nini asifundishwe tangu mwanzo kubofya maneno ya Kiingereza anayoyaona? Pingamizi hili lisipuuzwe. Fundi, mhasibu na mtafiti wa kesho watahitaji maneno hayo, na hakuna faida katika kumficha mtoto.

Hata hivyo, kujua neno la Kiingereza lililo juu ya kitufe si sawa na kuelewa tendo. Mtoto anaweza kukariri umbo la neno kama anavyokariri picha, akabofya mahali sahihi, na asijue alichofanya. Kifaa kikibadilishwa, maarifa yake yamekwisha. Tendo likieleweka kwanza kwa lugha anayoimiliki, neno la Kiingereza huwa ni jina la pili la jambo analolijua, nalo hushika kwa urahisi. Mpangilio huu unahudumia lugha zote mbili. Isitoshe, wako wanafunzi ambao safari yao ya shule huishia darasa la saba. Kwao, kile kisichofundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi huenda kisifundishwe kamwe, ingawa huduma za fedha kwa simu na fomu za serikali zitawangoja papo hapo nje ya lango la shule.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, vyombo vya istilahi vitayarishe orodha fupi ya vitenzi vya maelekezo, isiyozidi 50, inayotosheleza kazi za shule ya msingi. Kila kitenzi kiorodheshwe pamoja na kinyume chake, kijalizo chake, sentensi ya mfano na mpaka wake dhidi ya vitenzi jirani.

Pili, orodha hiyo ijaribiwe darasani kabla ya kuchapishwa. Jaribio liwe rahisi: mwanafunzi asiyeona kioo asikilize maelekezo, ayaandike, kisha ayatekeleze mwenyewe. Kitenzi kinachofeli jaribio hilo kirekebishwe, hata kama kimeundwa kwa ustadi.

Tatu, mafunzo ya walimu yatenge muda wa kusema, mbali na muda wa kushika. Mwalimu afanyishwe mazoezi ya kuelekeza kazi nzima kwa maneno, mikono yake ikiwa nyuma. Miongozo ya vifaa, pamoja na maelekezo ya matengenezo madogo, iandikwe kwa vitenzi hivyohivyo, ili fundi, mwalimu na mwanafunzi wazungumze lugha moja.

Nne, wanaotafsiri programu wahusishwe na idara za Kiswahili za vyuo vikuu, na tofauti za Tanzania na Kenya zishughulikiwe kwa pamoja. Katika nomino tofauti zinaweza kuvumiliwa. Mtoto hadhuriki kwa kujua kompyuta na tarakilishi. Katika vitenzi, ambavyo kosa lake hupoteza kazi ya mtu, maafikiano yana haraka zaidi.

8.0 Hitimisho

Kampeni za redio za miaka ya 1970 zilifaulu kwa sababu chombo, maandishi na mtu vilisema lugha moja, na lugha hiyo iliwaambia watu wafanye nini. Kompyuta na kishikwambi vimefika shuleni vikiwa na majina mengi na maelekezo machache. Kiswahili hakina upungufu wa nyenzo za kuziba pengo hilo: kina vitenzi vyenye picha hai, kina kiambishi cha kutendua, kina kauli za kutendea na kutendesha, kina kitenzi-jina. Kilichokosekana ni kuvikusanya, kuviwekea mipaka na kumkabidhi mwalimu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi ikilinganishwa na bei ya vifaa vyenyewe, na iko ndani ya uwezo wa idara za Kiswahili. Mwanafunzi aliyeketi nyuma, asiyeona kioo, atanufaika nayo kuliko wote.